K Tatu za Ukuta Wako

Salama,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka hapa mjini Salama, barabarani, ambapo malori hayapumziki na vumbi lake halipumziki. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Goti lako je, limetulia, au bado linakusumbua ukiteremka kisimani? Yule mbuzi wa madoa amezaa? Mbaazi zimeshika maua, au jua limezichoma kama msimu ule mwingine? Kila nikipika mbaazi za kununua hapa nakumbuka zako, halafu nazila tu kwa sababu njaa haina adabu. Mutiso naye ni mzima na anakusalimu kwa mbali, kama inavyompasa muthoni, mkwe wako.

Barua yako ilinifikia kupitia sanduku la kanisa. Nilicheka peke yangu uliposimulia jogoo alivyoingia darasani kwenu gumbaru, mnakosomea watu wazima, mwalimu akasema aachwe, naye amekuja kujifunza kusoma. Nikaendelea kucheka mpaka pale ulipoandika kwamba kaka Kimeu amenunua herufi za bati sokoni Kitui, na anataka kuandika duka lako upya kwa sababu rangi ya chini imebanduka. Hapo niliiweka barua juu ya meza. Umeniomba nimuulize mume wangu kama atakasirika. Nitakujibu, mwaitu, lakini jibu ni refu, na ndani yake kuna kosa langu ambalo nje ya nyumba yetu sijamwambia mtu. Nimeandika herufi kubwa na nimeziachanisha ili usome mwenyewe pole pole. Usimpe Kimeu akusomee.

Kwanza niache nikuambie nilivyo na furaha, kwa sababu ni kweli, na sitaki udhani nimepigwa au nimeachwa na njaa. Miezi tisa sasa, na bado nikisikia viatu vya Mutiso kwenye kokoto za uani moyo wangu unaruka kama mtoto aliyesikia jina lake. Ananukia mafuta ya taa ya kuoshea brashi, na mimi nimekuwa mtu wa kupenda harufu ya mafuta ya taa. Tulipohamia chumba hiki nyuma ya mashine ya kusaga unga, kabla hatujatundika hata pazia, alichukua brashi nyembamba akaandika MWENDE kwenye ndoo ya maji. Kisha kwenye kigoda. Kisha kwenye mlango, upande wa ndani, ambapo ni sisi wawili tu tunaona.

Nikamuuliza, "Unaogopa nitapotea?"

Akasema, "Wewe hapana. Naogopa ndoo itafikiri ni ya mtu mwingine."

Wanawake wa mferejini walinicheka. Kila nikifika walisema, "Pisheni, Mama Ndoo amekuja." Nilicheka nao na sikuificha ndoo yangu hata siku moja.

Wewe unamjua alivyo, maana ulimjua kabla yangu. Unakumbuka alipokuja Kanyangi kuandika duka lako? Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani nikingoja nisijue nangoja nini. Alikaa dukani siku nzima bila kushika brashi, anakunywa chai na kuangalia watu wanaoingia. Ulinong'ona, "Huyu fundi atakunywa chai mpaka lini?" Naye akaniambia nilipompelekea maji kwamba hawezi kuvika duka nguo kabla hajaliona likitembea. Duka la nyama linataka herufi nene zilizoshiba, alisema, na la fundi cherehani linataka nyembamba zenye mkia. La mama huyu, akasema, linataka herufi zinazokaa wima lakini zimekunja mikono, kama mtu anayekusikiliza.

Siku ya pili alipanda ngazi. Na kila ulipotoka nje aliteremka haraka akajificha nyuma ya ukuta. Mara tatu. Mimi sikuelewa. Wewe ndiye uliyeniita jikoni ukaniambia, "Mwende, mwanamume mzima anayenikimbia kama mimi ni mama mkwe wake, anataka nini kama si binti yangu?" Yaani nthoni, ile haya ya mkwe kwa mama mkwe, ilimshika kabla hata hajaniuliza jina. Nilijua napendwa kwa sababu ya mtu kujificha nyuma ya ukuta. Mpaka leo nikikumbuka nafunika uso kwa leso.

Na uliona vile DUKA LA KALEKYE lilivyotoka. K tatu, na hakuna iliyo sawa na nyingine. Ulisema ni kama dada watatu. Ulipoingia gumbaru, herufi ya kwanza uliyoandika bila kushikwa mkono ilikuwa K, kwa sababu ulikuwa unaipita kila asubuhi ukifungua mlango.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mutiso alijifunza kazi hii miaka sita kwa fundi mmoja mzee kule Machakos. Miaka miwili ya kwanza alikuwa anachora mistari tu kwa uzi uliopakwa chokaa. Hapa Salama alikuwa na kazi tele, kwa maana kila anayefungua hoteli au duka la vipuri alimwita. Lakini alirudi jioni shingo imekauka, hawezi kugeuka, mimi namkanda kwa mafuta ya nazi na roho inaniuma. Siku moja aliitwa kule Kalamba kuandika maduka, akaenda wiki mbili. Nikakumbuka shule, vile tulivyokata herufi kwenye karatasi ngumu kuandika vitambaa vya siku ya michezo. Nikasema moyoni, mume wangu sitamwacha aumie na mimi nina akili ya kidato cha nne.

Nikatoa daftari lake la herufi, lile kubwa ambalo kila herufi ni kama kiganja. Nikazinakili juu ya kartoni za sabuni, nikazikata kwa wembe. Nilipokata O ya kwanza, katikati yake ilianguka yote, nikabaki na tundu kama la panya. Ndipo nikakumbuka kuacha vidaraja viwili vya kushikilia katikati. Nilipofika kwenye K wembe uliteleza, ukanikata kidole na ukaacha kijipengo kwenye mguu wa chini, kama mahali ambapo kuku amedonoa. Kartoni zilikuwa zimeisha, nikasema hakuna atakayeona. Siku tatu nilifanya kazi hiyo nikiimba.

Alipofika nilizipanga kitandani kama nguo za harusi. Alizishika moja moja, akaziinua kwenye mwanga wa mlango. Kisha akakichukua kidole changu kilichokatika, akakipuliza, akacheka kidogo.

"Umeniibia mkono, Mwende," akasema.

Nilidhani ananisifu. Akazifunga kwa uzi, akaziweka chini ya kitanda, akaniambia, "Zikae hapa. Hizi ni zetu sisi wawili." Mwaitu, alinionya kwa upole, na mimi kwa mapenzi sikusikia onyo, nilisikia upole tu.

Alipokwenda tena Kalamba kumalizia kazi, akaja Mama Ndunge, mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani. Anauza uji na maandazi pale njia panda. Alitaka kibanda chake kiandikwe, na Mutiso alikuwa amemwambia angoje.

"Mwanangu," akasema, "nikimngoja bwanako uji wangu utageuka kuwa ugali. Huwezi kuniandikia wewe?"

"Mimi siwezi kushika brashi, mama."

"Basi umeolewa na fundi kwa nini, kwa kupikia?"

Nikaona aibu, na nilikuwa na majivuno pia, nataka aone mume wangu ana herufi nzuri namna gani. Nikainama nikazitoa chini ya kitanda. Nikamwonyesha: unachovya kipande cha godoro kwenye rangi, unakigongagonga, usipake. Nilimshikia kartoni, yeye akagonga. UJI MOTO. Alipomaliza alivuka barabara bila kuangalia, lori likampigia honi, akasimama upande wa pili mikono kifuani.

"Hii nimeandika mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi Ndunge, ambaye sikukanyaga shule?"

Machozi yakamtoka. Na siwezi kukudanganya, mwaitu, nilifurahi pamoja naye. Hata leo siwezi kumchukia. Akaniomba abaki nazo mpaka kesho aandike upande wa nyuma.

Kesho hiyo ilikuwa siku nane. Zilipokuja, kingo zake zilikuwa na rangi nyekundu, na samawati, na kijani, na Mama Ndunge rangi yake ilikuwa nyeusi. Zilikuwa zimetembea kibanda kwa kibanda. Nikazifunga kwa ule ule uzi, nikazirudisha chini ya kitanda, nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma kuliko la kutoa.

Haukupita mwezi, mtu akazikata kwa bati la madebe, akazifunga mafungu, akazitundika sokoni kama samaki. Wengine wakakata kutoka kwa zile. Sasa hakuna anayemwita Mutiso. Anayetaka kuandika ananunua fungu, anatafuta kipande cha godoro, anaandika mwenyewe Jumapili akiwa na watoto wake wanamshikia. Duka la nyama, baa, fundi wa viatu, zahanati, wote wamevaa nguo moja. Wala hakuna anayejaza vile vidaraja kwa brashi baadaye, kwa hivyo O zote za Salama zimekatika katikati kama chungu kilichopasuka. Nao wanapita wakipongezana.

Mutiso aliporudi, baada ya mwezi na zaidi kule Kalamba, tulipita barabarani pamoja. Mwenye bucha akamwita kwa furaha.

"Fundi, njoo uone. Siku hizi hata mimi ni fundi mwenzako."

"Naona," Mutiso akasema. "Nani amekufundisha?"

"Nani tena? Ni mkono wako huo. Si unaujua?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini alisogea ukutani, akaweka kidole kwenye mguu wa K, pale penye kijipengo. Akakitembeza hapo mara moja. Hakunitazama. Tulipofika nyumbani aliomba chai, akainywa yote, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwende, wembe uliteleza kwenye herufi gani?"

Nikasema, "Kwenye K."

Akasema, "Nimeiona pia kwenye choo cha stendi."

Basi. Hakunigombeza. Hakuniuliza nilimpa nani. Laiti angenigombeza ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Niliomba hivyo hivyo, nikilia, akanifuta uso akasema hakuna neno, kartoni ni kartoni.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki. Mzee Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyetoka kaskazini mashariki akafungua hoteli hapa, alitaka ngamia ukutani. Alimwambia Mutiso, "Wale wengine hawana ngamia kwenye bati lao." Mutiso aliamka kabla ya jogoo siku hiyo, akaimba akinyoa ndevu. Alikaa hotelini akinywa chai kwanza, kama zamani. Ngamia alitoka mzuri, mwaitu, amegeuza shingo kama anayemsubiri aliyeachwa nyuma. Chini yake Mutiso aliacha nafasi ya jina, akaja kula wakati rangi ikikauka. Nilimsindikiza kurudi nimebeba ngazi ndogo. Tukamkuta Mzee Abdi amesimama na kipande cha godoro mkononi, rangi mpaka kwenye kanzu, anatabasamu kama bwana arusi. Alikuwa ameliandika jina mwenyewe. Lilianza kubwa kushoto, likaishiwa nafasi, herufi mbili za mwisho zikapanda juu ya mguu wa ngamia.

"Nimekuondolea kazi, mwanangu," akasema. "Umechoka sana leo."

Alisema kwa upendo. Alimlipa yote waliyopatana, hakupunguza, akatuletea na maziwa. Mutiso akasema, "Asante, mzee." Akayanywa. Njiani akaniambia, "Nipe ngazi, usibebe."

Tangu siku hiyo hajashika brashi. Anapakia mchanga wa mtoni kwenye malori na vijana wengine. Ile mikono uliyoisifu kuwa laini kama ya karani imepasuka, anashika kikombe kwa vidole vya pembeni. Brashi alizifungia kwenye mkebe bila kuziosha. Nilizitoa nikaziosha mimi kwa mafuta ya taa, nikazipanga kama anavyopanga. Aliona. Daftari la herufi tunawekea chini ya mguu wa meza unaoyumba, na si mimi niliyeliweka hapo.

Usifikiri hanipendi. Anakula chakula changu mpaka chini ya sufuria. Akilala anaweka mkono wake juu ya nywele zangu. Nami nampenda mpaka naona aibu kuandika. Lakini kuna kitu ndani yake nilikitoa chini ya kitanda nikamwazima mtu, na chenyewe hakijarudi.

Barua yako alinisomea yeye mara ya pili, maana nilikuwa nimeiacha mezani. Aliposoma habari ya Kimeu aliikunja barua. Kisha akasema, "Ukuta ni wa mama. Mwambie Kimeu apime kwanza kwa uzi na aanzie katikati kwenda pembeni, asiishiwe nafasi kama Mzee Abdi." Akavaa viatu akaenda kwa mchanga. Hilo ndilo jibu lake, mwaitu. Nimekuandikia kama alivyolisema.

Sasa nikupe la kwangu. Chukua zile bati za Kimeu, utafute K. Angalia mguu wa chini. Ukikuta kijipengo kama kuku amedonoa, huo ni wembe wangu, na utakuwa unamfuta mkwe wako kwa kosa la binti yako. Kimeu hana hatia, ananunua tu kinachouzwa, naye anataka kukufurahisha. Nakuomba umwambie angoje.

Na nakuomba jambo lingine. Nthoni inakukataza kusema na Mutiso ana kwa ana, lakini yeye naye inamkataza kukukatalia. Baba mdogo ndiye aliyepokea mbuzi wa posa, kwa hivyo neno likipita kwake litakuwa limepita mlangoni, kwa heshima. Atume habari kwamba rangi ya chini ya duka la Kalekye imebanduka, na mwenye mkono huo anatakiwa aje amalizie kazi yake. Usiseme mimi nimeomba. Labda atakuja, atajificha nyuma ya ukuta ukitoka nje, nawe ujifanye humwoni. Labda atasema mchanga haumpi nafasi. Sijui. Salama nzima nimeiharibu kwa mkono wangu, na siwezi kuirudisha. Nataka tu ukuta mmoja ubaki ambao mtu akiutazama ataona K tatu zisizofanana.

Nisalimie baba mdogo, na yule mke wake aliyenifundisha kusuka. Nisalimie susu, bibi yangu, umwambie bado nafunga leso kama alivyonionyesha. Mchungaji aliyetufungisha ndoa umwambie ninaimba kwaya, sauti ya pili. Na Kimeu msalimie sana, usimkasirikie.

Ile ndoo yenye jina langu ilitoboka. Nilinunua nyingine, nikaiweka mlangoni, mahali ambapo lazima aiinue akitaka kunawa mchanga. Karibu nayo niliweka brashi nyembamba. Hii ni wiki ya tatu. Anaiinua, ananawa, anairudisha pale pale. Jana mferejini nilibeba ndoo ya mwanamke mwingine mpaka nusu ya njia nikidhani ni yangu. Akanifuata tukabadilishana. Hakuna aliyecheka.

Mimi binti yako,
Mwende.